Vumbi la Mchwa Kolani

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya nyumba ya mkunga mstaafu, ngazi ya aluminiamu imeiangukia mgongoni. Ungeona hapohapo ungesema mtu kateleza, kaanguka, kafa, basi. Koplo alisema hivyo, na alikuwa ameshaandika.

"Futa," Inspekta alimwambia.

"Nifute nini, afande?"

"Ajali. Inyanyue hiyo ngazi uitazame chini."

Koplo alivaa glavu, akainyanyua. Damu iliyotoka kisogoni ilikuwa imetiririka hadi mgongoni na kukauka, lakini ngazi haikuwa na hata tone. Aliyeilaza pale aliilaza baadaye. Koplo alifuta.

Marehemu alikuwa mkaguzi wa nyumba wa kampuni ya bima. Wiki tatu kabla alikagua mtaa ule, na ripoti ikasema mbao za paa la mkunga zimeliwa na mchwa. Ada ya bima ya mkunga ikapanda mara tatu. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, alipiga simu kwenye kampuni akafoka kwamba mkaguzi akirudi pale atajuta kuzaliwa. Na mkaguzi kweli alirudi.

Haya, hata wewe ungemkamata nani? Saa sita mchana dereva alikuwa kituoni, macho mekundu kwa usingizi.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Nimeendesha siku mbili mfululizo."

"Nani alikuona?"

"Mtu aliyelala anaonwa na nani, afande?"

"Ulimtishia."

"Nilimtishia. Mama yangu alikuwa analia na barua mkononi, wewe ungefanyaje?"

Jibu lilimwingia Inspekta, lakini jibu zuri si ushahidi. Dereva akawekwa rumande. Mama yake alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu mchana hadi kituo kilipobadilisha zamu, mkoba mapajani. Aliomba kitu kimoja tu. "Mwanangu, nimezalisha watoto wa mtaa mzima. Mimi nina huyu mmoja. Usimpeleke mahakamani kabla hujamaliza kutafuta."

Inspekta alimwahidi, kisha akajilaumu kwa kuahidi.

Jirani wa mkunga wa mkono wa kulia alikuwa mwenyekiti wa mambo yote pasipo uenyekiti: mtaa ulimwita Katibu kwa kuwa ndiye aliyewaandikia barua zao na kuwasomea za watu. Alimkaribisha Inspekta barazani kwa heshima zote.

"Ulimwona mkaguzi leo asubuhi?"

"Nilisikia ngazi ikigonga ukuta, basi. Nikasema ni mafundi."

"Kwako aliingia?"

"Hajakanyaga tangu ile siku ya ukaguzi." Katibu alishusha sauti. "Yule kijana ana hasira, mkuu, lakini ni mwanetu. Mumwonee huruma."

Kesho yake daktari wa uchunguzi alipiga simu. "Kapigwa kisogoni kwa kitu chembamba cha chuma. Jingine: kwenye kola ya shati na nywele ana unga wa mbao na udongo wa mchwa. Kaupata muda mfupi kabla ya kufa."

"Yaani alipanda darini."

"Dari bovu sana, ndugu yangu."

Inspekta alimwomba mkunga funguo pale benchini, akaenda kupanda darini kwake. Tumbo lilikwama kwenye tundu la dari, koplo akamsukuma kwa chini huku akijikaza asicheke. Tochi ikamulika paa zima. Inspekta aligonga mbao ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akachomeka kisu, kisu kikagoma. Hapakuwa na mchwa. Hapakuwa hata na dalili kwamba mchwa waliwahi kupita. Alikaa juu ya boriti akiwa ameduwaa, jasho likimtiririka, akisema peke yake, "Sasa ripoti ni ya nyumba gani?"

Karani wa bima alifungua picha za siku ya ukaguzi. "Kawaida mkaguzi anaanza kupiga picha namba ya geti, kisha anapiga ndani. Picha zinazofuata namba ni za nyumba hiyo. Mimi nazipanga hivyo kila siku."

"Niwekee picha ya kwanza kabisa."

Karani aliweka. Ilikuwa mbao.

"Namba iko wapi?"

Karani alikodoa macho. Alikwenda picha ya mwisho ya siku. Ilikuwa namba ya geti, na baada yake hakuna kitu.

"Barabara ya mbele ilikuwa imechimbwa, wanalaza mabomba," karani alisema polepole. "Alipitia uchochoro wa nyuma. Kila nyumba aliingilia uani, akatokea getini. Namba akaipiga mwisho." Akashika kichwa. "Nimempa kila mtu dari la jirani yake. Ee Mungu wangu. Juzi yule mama alipiga simu kulalamika, mkaguzi akazitazama hizi picha, akasema kesho atakwenda kuhakikisha kitu. Sikumuuliza kitu gani."

Picha zilizofuata namba ya mkunga zilikuwa za nyumba ya mkono wa kulia.

Inspekta alifunga daftari lake. Alimkumbuka mtu yule barazani, na huruma zake.

Dari la Katibu lilikuwa kama uji uliomwagika: ukigusa mbao, inakubakia kiganjani. Vumbi lilikuwa na alama za viatu vya marehemu. Stoo walikuta kipande cha bomba kimeoshwa vizuri, lakini nyuzi zake za mwishoni, zile za kufungia, zilikuwa bado na damu na nywele.

"Ulijua lini?" Inspekta aliuliza.

Katibu hakujitetea. "Siku mkunga aliponiletea barua ya bima nimsomee, macho yake hayaoni herufi ndogo. Ilikuwa na picha. Dari langu silijui?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia pole, mama, mbao zako zimekwisha."

Koplo aliacha kuandika, kalamu imesimama hewani.

"Nina mnunuzi wa nyumba hii," Katibu aliendelea. "Ripoti safi ndiyo aliyoitaka, na mimi nilikuwa nayo. Mkaguzi akaja, akapanda, akashuka akasema atasahihisha yote jioni ileile. Nilimsihi angoje wiki moja. Akanipa mgongo anakunja ngazi, nikampiga. Nikamburuta hadi nyuma ya nyumba ya mkunga, baadaye nikarudi kumwekea ngazi mgongoni."

"Kijana wa watu umemwacha rumande siku mbili."

"Mngemwachia tu. Hamkuwa na ushahidi."

Inspekta alikaa karibu na mama kwenye benchi lilelile. Alimwambia mwanawe yuko huru, na ada yake itarudishwa ilivyokuwa. Mkunga alifurahi, akaziba uso kwa mikono. Kisha akauliza ni nani aliyeua, na Inspekta hakuweza kumficha.

Mkunga aliuweka mkoba chini.

"Siku hizi mbili Katibu amekuwa akiniletea chakula hapa," alisema. "Anakaa hapo ulipokaa wewe, ananiambia kula, mama, usije ukaanguka. Nilikula. Na kila alipoinuka nilimwombea dua."