Damu Kabla ya Dang'a

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, ng'ombe wa tano wa zizi lile alizaa ndama hai. Daktari wa mifugo aliandika saa hiyo kwenye kijitabu chake, akamfuta ndama pua, akambana mshipa wa shingo na kumchoma sindano. Ndama alikuwa hajasimama. Hajaonja chochote.

"Unamtoa damu hata 'karibu' hajaambiwa," alisema mama mkubwa wa daktari, aliyekuwa amekamata miguu ya nyuma.

"Akishanyonya tu, mama, kazi imeharibika."

Ndama huzaliwa na damu isiyo na kinga. Kinga huipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Kwa hiyo damu iliyochukuliwa kabla ya dang'a ikikutwa na kinga dhidi ya kirusi fulani, maana yake ndama alikutana na kirusi hicho humo humo tumboni. Ni ugonjwa. Hakuna wa kunyooshewa kidole.

Na kidole kilikuwa kimeshanyooshwa. Tangu mwaka uanze zizi hilo lilikuwa limepoteza ndama wanne: wawili walitoka kabla ya miezi yao, wawili walizaliwa vipofu na hawakumaliza siku. Aliyekamua ng'ombe hao alikuwa mtu mmoja, mama mkubwa, mjane wa miaka sitini na moja ambaye hakuwahi kuzaa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na mwenye zizi, alisema bila kumung'unya kwamba mwanamke aliyekosa wake sasa anakula wa wenzake. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama nyumba aliyoishi miaka thelathini na minne.

Daktari, aliyemwita shemeji huyo baba mdogo tangu utotoni, alimwendea.

"Nipe ndama mmoja tu, baba mdogo. Karatasi ya maabara ikisema ni kirusi, mama anabaki."

"Na isiposema?"

"Itasema."

"Wewe na sindano zako, binti!" Alicheka. "Haya. Ikisema, anabaki. Mimi si mtu wa maneno mawili."

Ndiyo maana daktari alishinda zizini siku mbili akisubiri uzazi ule, na akampokea ndama kwa mikono yake mwenyewe. Ndama hakusimama kabisa. Alikufa saa tano kasorobo. Daktari alipeleka maabara chupa ya damu na mzoga.

Ijumaa mtaalamu wa maabara, waliyemwita Miwani, alimpigia simu.

"Kinga ipo, dada. Tena tele."

"Nilijua!"

"Usishangilie kwanza. Huyu ndama alinyonya."

"Hakunyonya."

"Kuna kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ndama akishapata dang'a. Hapa kimepanda mpaka juu. Sampuli imekufa hii, siwezi kukuambia kinga imetoka wapi."

"Nilimtoa mwenyewe, Miwani. Utelezi ulikuwa haujamkauka."

"Basi alinyonyea humo ndani." Miwani alicheka. Alicheka peke yake.

Walimpasua mchana huo. Tumbo lilikuwa limejaa maziwa yaliyoganda. Yalikuwa mengi kiasi kwamba yalianza kutoka kabla kisu hakijafika mwisho. Miwani aliyapima. Akayapima tena kwa chupa mpya. Kisha alikwenda kufunga mlango.

"Si ya ng'ombe," alinong'ona.

"Ya nini?"

"Ya mtu."

Kwenye ripoti hakuandika hivyo. Aliandika kwamba ndama alikuwa amenyonya na sampuli haikufaa. Baba mdogo aliisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha.

"Haijasema," alisema.

Mama mkubwa aliondoka Jumapili na mabegi mawili. Daktari alimpangia chumba karibu na ofisi yake, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka pale zizini. Kila jioni alimkuta kitandani, amejifunika mpaka kidevuni. Alisema ni uchovu tu. Daktari aliona mifupa ya mikono yake, akadhani ni uchungu wa kufukuzwa.

Baada ya siku kumi na tisa, ng'ombe mmoja mwenye mimba ya miezi saba alivunjika mguu. Ilibidi achinjwe. Daktari aliomba awepo, na baba mdogo asimame pale pale aone kila kitu. Mfuko wa uzazi ulitolewa mzima. Chupa ya maji ilikuwa haijapasuka. Daktari aliupasua, akachukua damu, akafungua tumbo la ndama.

Maziwa. Yalikuwa na joto.

Baba mdogo alirudi nyuma hatua moja.

"Anafika hata kutoka huko," alinong'ona.

"Hayupo hapa, baba mdogo. Si unaona hayupo?"

"Ndiyo ninachokwambia."

Daktari alifunga kizibo cha chupa ya damu. Mama mkubwa alipokuwepo, kuwepo kwake kulikuwa ushahidi. Alipoondoka, kutokuwepo kwake kukawa ushahidi mkubwa zaidi. Hakukuwa na karatasi duniani ambayo ingemrudisha yule mwanamke nyumbani kwake.

Simu ya hospitali ilimkuta njiani. Mama mkubwa ameanguka. Mizani ya wodini ilionyesha kilo thelathini na nne. Nesi alimvuta daktari pembeni ya pazia.

"Mtoto mmemwacha na nani?"

"Mtoto gani?"

"Wa huyu mama. Ananyonyesha."

"Nesi, ana miaka sitini na moja."

"Umri nimeuona kwenye kadi, dada yangu. Na shuka nimebadilisha mara mbili."

Daktari aliingia nyuma ya pazia. Shuka ilikuwa imelowa kifuani. Mama mkubwa alimshika kidole kimoja, kwa kuwa mkono mzima ulimshinda.

"Hawashibi, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu yule wa kwanza atoke. Wakifa, nawasikia wengine wakilia humo tumboni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanza kumwambia nani? Wanasema nawala."

Alikiachia kile kidole. Pumzi yake ilikuwa fupi.

"Wenye mimba wamebaki wangapi pale?"

"Watatu."

"Watatu," alirudia, akageuza uso ukutani.

Alikufa Jumatano, saa tisa na robo alasiri. Cheti kilisema upungufu wa damu na utapiamlo. Saa kumi kasorobo baba mdogo alipiga simu. Alikuwa hajaambiwa habari za msiba. Alisema ng'ombe watatu wametupa mimba, wote ndani ya nusu saa, na kwamba afadhali daktari aje na sindano zake.

Alhamisi, daktari na Miwani waliwapasua ndama watatu. Kirusi hakikupatikana. Damu yao haikuwa na kinga yoyote. Matumbo yote matatu yalikuwa matupu, na midomoni mwao ndimi zilikuwa zimekunjwa kama za ndama aliyeshika chuchu. Kwenye nafasi ya chanzo cha kifo Miwani aliandika njaa, akasaini.