Debe Moja la Dizeli

"Jeronimo, umetia nini humu?"

Felismina alikuwa ameinamia tundu la tangi, ananusa. Ndani ya gari, kiti cha nyuma, Mjomba Gaspari amekaa wima na koti lake la sherehe, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Gari lilikuwa limekohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Hata nyumba za mwisho za Kitaya walikuwa hawajazipita.

"Petroli," alisema Jeronimo.

"Thubutu! Hii ni dizeli ya mashine yangu."

Kwa harufu hiyo nani angemdanganya Felismina? Mwaka wa tano huu anaendesha mashine ya kusaga ya mjomba wake. Jeronimo alitamani ardhi ipasuke immeze. Jana yake alikuwa amezunguka kijiji kizima akipiga honi, na asubuhi mshale wa petroli ukalala chini kabisa. Petroli ilikuwa haipatikani mpaka Mtwara mjini. Akaona haya kusema, akanyemelea pipa la mashine na kuchota debe zima, akijiambia mafuta ni mafuta. Loo, mwanaume mzima!

"Salumu alikuwa anauza magari mawili uani kwake," alisema Felismina. "Hili la petroli na ile Landrova ya dizeli. Nikakwambia chukua la dizeli, pipa liko mlangoni kwetu. Ukanijibuje?"

Jeronimo alikumbuka vizuri sana. Alimjibu kwamba msaga unga hafundishi watu magari.

"Landrova ina kelele, Mina. Watu wa Shangani kule mjini wangesema nimenunua trekta."

"Watu wa Shangani wanahusikaje? Si ulimwambia mjomba kwamba ukinioa unahamia hapa, kama wanaume wote wanaooa kwetu?"

Jeronimo akarudisha kifuniko cha tangi.

"Gari la petroli lingeishije hapa?" Sauti ya Felismina ilishuka. "Hukuwa na nia ya kukaa. Sema kweli."

"Nimepanga vyumba viwili Shangani," alisema, macho chini. "Nilitaka baada ya harusi, kama mwezi hivi, nikuombe..."

"Uniombe, au unibebe?"

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mjomba Gaspari alishuka taratibu, akakung'uta koti. Siku ile walikuwa wanakwenda mjini kwa mama yake Jeronimo, kupanga siku ya harusi.

"Mjomba, nakuomba..."

"Mimi ndiye niliyepeleka neno lako kwa wazee wenzangu," alisema Mjomba. "Sasa nikawaambie nini?"

Akarudi kwa miguu. Felismina akamfuata, hakugeuka hata mara moja. Jeronimo alibaki ameshika usukani wa gari bovu, watoto wanamchungulia dirishani, machozi yanamlenga.

Lori la korosho ndilo lililomvuta mpaka mjini. Alimwandikia Felismina barua tatu. Jibu lilikuja na dereva wa lori lile lile, kwenye kipande cha mfuko wa saruji:

*Pipa limepungua debe moja. F.*

Aliisoma mara kumi. Hakuna "mpenzi", hakuna hata salamu. Lakini mtu aliyekuacha kabisa angekwambia hata hilo?

Wiki iliyofuata Landrova ilisikika Kitaya kabla haijaonekana. Wanawake waliopanga foleni na mahindi yao mashineni walicheka mpaka wakashikana mabega. Jeronimo alishuka na debe begani, akamwendea Mjomba Gaspari pale alipokaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Nilikudanganya. Nilikuahidi kuishi hapa huku nimeshapanga nyumba mjini. Felismina nilimdharau, na dizeli yenu nikaiba." Aliyasema hayo kwa sauti, foleni nzima inasikia, masikio yanamwaka moto. "Ufunguo wa Shangani nimeurudisha. Gari tumebadilishana na Salumu. Na mama yangu yumo humo garini, amekuja mwenyewe."

Mjomba alimwelekeza kwa kidole mashineni.

"Mwulize mwenye pipa."

Felismina alipokea debe. Akalinusa kwanza, maana hadanganywi mara mbili, kisha akamimina pipani. Akarudi na hendeli ya kuwashia mashine, akampa mkononi.

"Piga."

Alipiga mara ya kwanza, mashine kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu hendeli ikarudi kwa nguvu ikamwangusha chini na shati lake jeupe, na wanawake wakaangua kicheko. Felismina alijiziba mdomo.

"Tena."

Ya nne ikashika, mashine ikanguruma.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Nini? Sisikii!"

"Nauliza, umenisamehe?" alipiga kelele, na kijiji kizima kikasikia.

Felismina alimsogelea, akampangusa unga na vumbi shavuni kwa ncha ya khanga.

"Kesho utapiga wewe. Na keshokutwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mjomba asahau."

"Mimi huwa sisahau," alisema Mjomba Gaspari. Kisha akainuka, akamsogezea mama yake Jeronimo kiti chake.