Nakala Iliyooza

Fundi wa seva alifungua mashine ya barua pepe ili apulize vumbi, akakuta feni imelowa mafuta. Hayakuwa mafuta ya mashine. Yalikuwa mazito, ya manjano, yakinuka kama nyama iliyosahaulika ndani ya kopo.

Siku hiyo barua zikaanza kuingia kutoka kwa marehemu mumewe, aliyekuwa mhasibu wa ofisi ileile. Kila barua ilikuwa na picha moja tu: mdomo wazi, fizi zimeoza, ulimi umejaa malengelenge. Katibu muhtasi alifungua ya kwake, akatapikia pipa la karatasi.

"Shoga," alinong'ona akijifuta midomo, "mumeo ananiandikia. Na ulimi unacheza."

Fundi alifanya alichofundishwa. Kila alfajiri seva ilijitengenezea nakala yake nzima, ili ikiharibika irudishwe kama ilivyokuwa. Alirudisha nakala ya jana, barua zikakatika. Kufikia mchana harufu ilikuwa imerudi, akarudisha ya juzi, kisha ya nyuma yake, na kila aliporudisha uvundo ulizidi, mafuta yakachuruzika kwenye nyaya, yakatoka na nywele, yakatoka na kucha, mpaka wafanyakazi wakawa wanakula chakula chao barabarani huku wakitema mate kama wajawazito.

"Mwite yule mama mganga wa mtaa wa nyuma," alisema mkurugenzi, leso puani. "Mimi siamini majini, ila mwite."

Mganga aliingia chumba cha seva, akanusa, akakunja uso.

"Nani alikuwa analia humu?"

Fundi aliinama. Tangu mumewe alazwe hospitali, alikuwa akijifungia humo kusoma barua pepe ambazo mumewe alimwandikia kutoka kitandani, akiomba chochote kinachosikia kimwachie mume wake.

"Kilisikia," mganga alisema kwa upole. "Ila aliyeitika si mumeo, mwanangu. Na mnamfukuza mlangoni, mnamrudisha wenyewe dirishani, maana yumo ndani ya kila nakala mnayorudisha. Mnayo ya kabla hajalazwa?"

"Ipo."

"Irudishe hiyo. Nyingine zote zife."

"Barua zake za mwisho zimo kwenye hizo nyingine, mama."

Mganga alimsogelea. Alimshika bega tu.

Fundi akakaa kwenye kibodi. Alipoanza kufuta, feni zilipunguza kasi, zikapumua, na ndani ya pumzi ile ikaja sauti ya mumewe, ileile ya kukwaruza ya siku za mwisho: "Mama watoto, usinifute, nimelala hapa, nishike mkono," na mafuta ya uvuguvugu yakapanda kati ya vitufe, yakamfunika vidole, yakavinyonya polepole kama mdomo usio na meno, naye akikaribia kutapika, akilia, akibonyeza, akibonyeza, mpaka kioo kikawa cheusi.

Kimya. Hewa ikawa hewa.

Nakala ya zamani ilirudi safi. Mkurugenzi alilalamikia barua zilizopotea, kisha akaagiza soda za watu wote. Ukumbini walikuwa wanacheka.

Fundi alikwenda chooni, akafungua bomba, akaweka sabuni kiganjani. Chini ya ukucha wa kidole cha pete palikuwa pamebaki utando mwembamba wa manjano. Aliunusa. Uvundo ulikuwa uleule.

Akafunga bomba bila kunawa.