Ukuta wa Magharibi

“Usimtetee, mdogo wangu! Yule mwenye nyumba ni mwongo mchana kweupe!” Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umemteleza mabegani. “Simu yangu imekufa, nikampa namba yako. Akasema atapiga. Leo siku ya ngapi?”

“Ya nne,” alijibu mama bila kuinua macho kwenye cherehani. “Si uende ukamwulize?”

“Nikajikombe? Siendi ng'o! Nitapanga kile chumba cha juu ya paa.”

“Lile tanuri? Na huyo mtoto wa mgongoni mwako ana vipele vya joto mwili mzima! Dada, hasira zako zitamwoka mwanao.”

Chini ya meza, Sindano alikuwa akiokota vifungo. Walimwita hivyo kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake ni fundi wa nguo. Vifungo vikamponyoka.

Simu ilipigwa. Ilipigwa Jumatatu, mama akiwa anaoga, na aliyepokea ni Sindano. “Mwambie mama yako mkubwa nyumba ni yake,” sauti ilisema. “Aje Alhamisi kabla ya saa sita. Akichelewa, nampa mwingine.”

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Katika mji ule wa jangwani, nyumba za kodi nafuu hazikuwa adimu. Adimu ni nafuu yenye kivuli. Wenyeji huenda kukagua nyumba saa kumi alasiri, wakaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukiwaunguza, wanaaga. Mama, kwa haraka zake, alikagua yao asubuhi, ukuta ukiwa baridi kama mtungi. Sasa kila jioni Sindano alijilaza kando ya ukuta huo akageuka huku na huku kama mkate jikoni.

Ile nyumba aliyoitaka mama mkubwa ilikuwa chini, nyuma ya ghala refu, kivuli kutwa. Tena binamu yake, binti wa mama mkubwa, angepata chumba chenye dirisha! Sketi mpya, yeye. Sifa za mwalimu, yeye. Hata kivuli, yeye? Wivu ukamshika, naye akafunga mdomo siku tatu.

Binamu, aliyekuja na mama yake, akachuchumaa kumsaidia kuokota. “Basi tena,” alinong'ona. “Nami nilishapima kitanda, tulale wawili. Nilitaka kukutoa kwenye ule ukuta wako. Wewe mwembamba, hata nafasi huchukui!”

Sindano alitoka chini ya meza, macho yamejaa machozi.

“Mama mkubwa, hakudanganya. Alipiga Jumatatu. Nilipokea mimi, nikanyamaza. Niliona wivu. Mwisho ni leo, saa sita.”

Mama akaacha kushona. Mama mkubwa akainua mkono.

“Mwache, dada,” mama alisema. “Kofi halifungui mlango. Sasa ni saa tano na nusu.” Akamgeukia binti yake. “Vaa viatu. Utagonga wewe, na utasema wewe.”

Walitoka wote wanne, mtoto mgongoni mwa mama mkubwa, mchanga ukiwachoma vifundo vya miguu. Sindano alitangulia mbio. Alimkuta mwenye nyumba kizingitini, ufunguo mkononi, akimngojea mpangaji mwingine.

“Shikamoo, bibi. Ujumbe wako niliuficha mimi. Mama mkubwa hakujua. Tafadhali usimwadhibu yeye.”

Bibi alimtazama, kisha akatazama jua. “Marahaba. Saa sita bado,” akasema, na wengine walipofika akampa mama mkubwa ufunguo.

Ndani, mama aliushika mkono wa Sindano akaubandika kwenye ukuta wa magharibi. Ulikuwa baridi, na kwa kivuli cha ghala ungebaki hivyo hata alasiri.

“Siku tatu umewanyima wenzako kivuli hiki,” alisema. “Je, ukuta wetu ulipoa?”

“Haukupoa, mama.”

“Basi ndivyo wivu ulivyo. Ukimnyima mwenzako kivuli, jua lako halipungui hata chembe. Haya, chukua ufagio.”

Sindano alianza na chumba chenye dirisha.