Kisanduku cha Mwalimu wa Fizikia

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili. Chuma alichora ramani ya shule kwa chaki, sakafuni.

"Geti. Korido. Maabara. Stoo. Kufuli, stoo ni yako."

Kufuli akaitikia kwa kichwa. Chuma ni kaka yake, tumbo moja, na kaka akishasema, imetoka hiyo.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

Dereva, mwenzao wa tatu, akacheka. Teksi yake ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mwalimu wa fizikia kwenye ofisi za serikali, nenda rudi. "Jina silijui. Ila kakihangaikia kibali miaka na miaka! Wakaguzi wamekuja, wamepima stoo, wametaka makufuli mawili. Juzi kimeletwa ndani ya kisanduku kizito ajabu. Nani anasumbuka hivyo kwa kitu cha bure, jamani?"

"Kesho," Chuma alisema. "Mapumziko ya mchana."

Kengele ya mapumziko.

Ovaroli za mafundi bomba, spana mkononi. Mlinzi hata hakuuliza. Dereva alibaki nje, injini inanguruma.

Kufuli la kwanza likaachia. La pili likaachia. Mlango ukafunguka, na Kufuli akakiona kisanduku.

Alama ya njano. Juu yake vipande vitatu vyeusi, kama mapanga ya feni.

Aliwahi kuiona mara moja tu, kwenye bonge la chuma alilolipasua mdogo wao, kitindamimba, kwenye vyuma chakavu. Jioni ile akaanza kutapika. Vidole vikavimba, vikachubuka. Nywele zikabaki kwenye mto. Mama alimshika mpaka mwisho, akimwita jina lake la utotoni. Tangu hapo Kufuli hulala taa ikiwaka, mtu mzima na ndevu zake.

"Kaka, tuache. Hiki ndicho kilichomuua mdogo wetu."

"Acha uchuro."

"Ulikuwa jela! Hukumwona!"

"Mlimzika bila mimi. Leo unanitishia na maiti yake?"

Kisanduku kilikuwa kizito mno kupita nacho mbele ya watu. Chuma akakifungua, akatoa kikebe kidogo kama kizibo cha soda, akakitia mfuko wa shati, chini ya ovaroli. Upande wa moyo.

Kengele ya kurudi darasani.

Korido ikajaa watoto. Chuma alitembea taratibu, anapiga mluzi. Kufuli, nyuma yake, aliitazama shingo ile. Shingo ya marehemu mdogo wao, haina tofauti. Aliona nywele zinadondoka, na hazikuwa zimedondoka. Geti lilikuwa hatua chache mbele. Akitoka nacho, basi tena.

"Mwizi!" Sauti ilimtoka yenyewe. "Mkamateni! Mvueni shati, atakufa!"

Mlinzi na walimu wakamrukia Chuma. Vifungo vikaruka. Nje tairi zikalia; Dereva hakusubiri kuaga.

Mwalimu wa fizikia, mama mfupi mwenye miwani, alikuja na koleo refu. Akakibana kikebe, akakirudisha kisandukuni, akafunga. Wala hakukimbia.

"Atakufa lini?" Kufuli aliuliza, analia waziwazi.

"Nani afe? Hiki ni cha kufundishia. Si cha kuchezea, ndiyo maana ya makufuli, lakini nguvu ya mionzi yake ni ndogo sana. Kingekuwa cha kuua mtu, shule ingepewa kibali na nani? Dakika zile mfukoni hazimdhuru."

"Lakini alama ni ileile."

"Alama ni ileile, baba. Nguvu ndiyo hutofautiana."

Chuma alikuwa amekalishwa chini, kifua wazi, mikono imefungwa kwa kamba. Alimtazama mdogo wake.

"Kumbe umeniuza bure."

"Utaishi, kaka."

"Usiniite kaka."

Ving'ora vilikuwa vinakaribia. Kufuli alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hajijui. Alivua ovaroli yake akamfunika Chuma mabegani, maana upepo ulikuwa mkali. Chuma akatikisa mabega, ikaanguka.

Kufuli akaiokota, akamfunika tena.