Mkono Aliouchagua Mwenyewe

Foleni ilianzia kwenye ngazi za umeme, ikazunguka duka la viatu, ikafika hadi mlango mkuu, na wote waliokuwa ndani yake walikuwa wakimsubiri mwanamke mmoja aliyegoma kunyanyuka kitini.

Alikuwa seremala. Asubuhi ile alikuja kufunga rafu katika duka la vitabu la jengo lile, akamaliza mapema, akakuta watu wanaalikwa kujaribu gemu jipya kabla halijaanza kuuzwa. Akajipanga kama wengine. Bado alikuwa na ovaroli lake la kijivu, mabega yamejaa unga wa mbao, na kichwani kitambaa cha manjano kilichofungwa kwa haraka. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye pedi ya kuchezea. Wa kushoto ulikuwa mfukoni.

Wenzake walipokaa pale walibonyeza kitufe mara moja wakaingia mchezoni. Yeye alibaki ukurasa wa mwanzo, pale mchezaji anapomuumba mhusika wake. Alichagua pua, akaibadilisha. Akaweka nywele za kusokota, akazifuta, akaweka fupi. Nyuma yake watu wakaanza kusonya.

Mwanamume mmoja wa kampuni ya gemu, mrefu, shati la kijani limenyooshwa mpaka linakata, akamwinamia kwa adabu.

"Samahani, dada. Hiyo sura unayoihangaikia hutaiona. Hapa unatazama kwa macho ya mhusika mwenyewe. Ukishaingia utaona njia, utaona maadui, na mikono yako basi."

"Nani amekwambia naitengeneza ili niione?"

"Sasa ya nini?"

"Wewe ukitoka nyumbani, uso wako unauona njiani?"

Mwanamume akafikiri. "Siuoni."

"Lakini unajua uliyetoka ni wewe."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Mwanamume naye akatabasamu, akaacha kuangalia saa. Mwanamke akauliza kwa nini, ikiwa mikono ndiyo inayoonekana, ya kuchagua haikuwepo, ila rangi tu. Akasitasita kidogo, kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni na kuuweka mezani. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake havikuwepo. Msumeno wa mashine ulivichukua akiwa bado mwanagenzi.

"Wa namna hii mnao?"

Wengi wakiuona mkono ule hugeuza macho, au husema pole kwa sauti ya msibani. Huyu aliutazama kama mtu anavyotazama kazi. "Hatuna," akasema. "Na lawama ni yangu. Mikono naichora mimi."

Ndivyo walivyojuana. Mwanamume akawa anamwita Fundi, na Fundi akamwita Mchoraji, hata baada ya kujuana majina. Simu zilianza za mchana, wakati wa kula, zikahamia za jioni. Mchoraji akazoea kupita karakana akitoka kazini, akikaa juu ya gogo na shati lake safi, na Fundi akimtania kwamba siku moja atampiga randa amuuze kama kabati. Dada mkubwa wa Fundi, aliyekuwa akiishi naye, akasema huyo mwanamume ama anapenda harufu ya gundi ama kuna neno.

Neno lilikuwepo. Kwa miaka mingi Fundi hakuwa amempa mtu mkono wa kushoto. Jioni moja, wakivuka barabara yenye magari mengi, Mchoraji aliushika bila kufikiri, na walipofika ng'ambo hakuuachia. Fundi akangoja auachie. Alipoona hauachii, akautuliza mkono wake humo humo. Toka siku ile mfuko wa ovaroli ukabaki wa kuwekea penseli.

Mambo yaliharibika asubuhi ya siku ya kazi. Dada mtu alipiga simu. Alimwambia aende lile jengo la maduka, aangalie juu ya mlango mkuu. Fundi akauliza kuna nini. Dada akasema hawezi kueleza, nenda ukaone mwenyewe.

Akaenda. Juu ya mlango ule, likifunika madirisha ya ghorofa mbili, lilikuwa limetundikwa bango la gemu. Sura haikuwepo, mkono tu, umenyooshwa kuelekea kwa mtazamaji. Mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu. Ukucha wa gumba ulikuwa na mstari mweusi pale nyundo ilipowahi kumpiga Fundi, na kovu la patasi lilikuwa mahali pake. Chini yake iliandikwa kwa herufi kubwa: AMEPOTEZA VIDOLE, HAKUPOTEZA MOYO.

Watu walikuwa wanapiga picha. Fundi akaurudisha mkono mfukoni. Kumbukumbu za jioni zote zile zikamrudia, Mchoraji akimgeuza kiganja, akimpapasa maungo ya vidole polepole, akimwambia mpenzi tulia. Sasa zote zilikuwa na maana nyingine.

Simu ilikuwa imelia mara nyingi kabla hajaipokea.

"Fundi, nisikilize. Sikujua kama wameutumia. Naapa."

"Wewe ndiye uliyeuchora?"

"Niliuchora mimi. Nilikuwa nakutengenezea wewe, nikushangaze, ucheze na mkono wako. Mkurugenzi akauona kwenye kompyuta yangu."

"Kumbe uliponishika mkono ulikuwa unanipima."

"Hapana, mpenzi. Hapana."

"Ungeniuliza."

Akakata simu. Siku zilizofuata wateja wawili waliokuja kuagiza milango waliutazama mkono wake kuliko mbao, na mmoja akaomba kupiga naye picha. Fundi akafunga karakana mchana kweupe. Dada yake, aliyekuwa haishiwi maneno, siku hizo alimwekea chakula mezani akanyamaza.

Mchoraji alifika hadi karakana, akasimama nje ya mlango uliofungwa, akasema aliyokuja kusema kupitia mbao. Habari yenyewe ilikuwa mbaya zaidi. Mkurugenzi alikuwa ameamua kuuondoa kabisa ukurasa wa kuumba mhusika. Siku ile ya foleni alihesabu watu waliokata tamaa na kuondoka, akasema kwenye gemu ambalo mtu hajioni, kuchagua sura ni anasa. Badala yake kila mchezaji angepewa mhusika mmoja tu, mwenye mkono ule. Mchoraji alikataa kuumalizia. Keshokutwa yake angeitwa kikaoni, na huenda akaondoka na boksi la vitu vyake.

Hakuomba asamehewe. Alisema tu kwamba mkono ni wa Fundi, na lolote atakaloamua juu yake, yeye atalisimamia.

Asubuhi ya kikao Fundi alivaa gauni la bluu lenye mikono mifupi, akapanda hadi ofisi za kampuni, akafungua mlango bila kubisha. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemning'inia kifuani, uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Mchoraji alikuwa upande wa pili wa meza. Alipomwona Fundi alitaka kuinuka, akakaa tena.

Fundi akauweka mkono wa kushoto juu ya meza. Mkurugenzi alipoutazama, uso ukabadilika. Hakuwa anajua kwamba mkono ule una mwenyewe. Akaanza kueleza, kwa upole, kwamba nia ilikuwa njema, kwamba watu wameguswa, na yeye binafsi alitokwa na machozi.

"Sitaki mkono wangu uliliwe," Fundi akasema. "Bango lishuke leo. Na mkono huu msimvishe mtu asiyeuomba."

"Basi tuufute?"

Mchoraji akainamisha kichwa. Kuufuta ndiko alikokutarajia.

"Msiufute. Rudisheni ukurasa wa kuchagua. Uwekeni humo pamoja na mingine. Kuna mtu atautafuta kama nilivyoutafuta mimi. Mimi mwenyewe siku nyingine sitautaka, na iwe hivyo pia. Kila mtu aingie akiwa yule anayemtaka."

Mkurugenzi akavaa miwani, akavua. Akasema muda umebaki mdogo, na kazi hiyo ni kubwa. Mchoraji akajibu ataifanya. Mkurugenzi akamtazama kwa muda mrefu. Hatimaye akachukua simu, akaagiza bango lishushwe.

Mchoraji alimfuata hadi kwenye ngazi. Fundi hakusimama. Alimwambia bado ana hasira, na asimharakishe. Naye hakumharakisha.

Gemu lilipotoka, kifurushi kilifika karakana. Ndani hamkuwa na barua wala maua, gemu peke yake. Fundi na dada yake wakalifungua nyumbani. Mhusika alikuwa mtupu, hana sura, hana rangi, hana mikono. Fundi akakaa akachagua mpaka dada akapiga miayo. Alipofika kwenye mikono aliuona wake, kovu na kila kitu, katikati ya mikono mingine mingi. Akaupita. Akachukua wenye vidole vitano, akaingia mchezoni, akafungua milango na kurusha mawe kwa vidole vyote, akicheka peke yake.

Kesho yake mchana akampigia Mchoraji. Upande ule simu ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Nimecheza," akasema. "Nilivaa vitano."

"Vilikukaa vizuri?"

"Vizuri sana. Leo nitavaa vyangu."

Mchoraji akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikilia pumzi muda mrefu.

"Fundi, nina swali. Sijamwambia mtu, hata mama. Nimeona nikuulize wewe kwanza. Nataka tuoane. Unasemaje?"

Fundi akaegemea meza ya kazi. Karakana ilikuwa kimya, mashine zote zimezimwa.

"Sijasikia," akasema. "Mashine inapiga kelele. Uliza tena."

Akauliza tena, polepole, neno kwa neno. Naye akamwacha amalize, kisha akasema ndiyo.