Kisasi cha Fundi Makochi

Sponji ndiyo iliyoanza yote. Fundi alitoka nayo dukani, roli refu kuliko yeye mwenyewe, kaitupia begani na anapasua katikati ya soko la vitambaa, siku ambayo mji mzima ulikuwa umekumbuka kwamba una mapazia ya kununua. Muuzaji mmoja akamwita kwa nyuma. Fundi akageuka kumjibu, na roli nalo likageuka, likamchapa mwanaume mmoja kichwani hadi miwani yake ikaruka na kutua kwenye meza ya vifungo.

"Dada, godoro hilo ni la kulalia au la kupigania?"

"Na wewe kaka, soko lote hili umeona pa kusimama ni nyuma yangu?"

"Mimi nimesimama. Kilichonifuata ni godoro."

Fundi alikuwa na jibu, na lilikuwa kali. Lakini akamtazama kwanza, na hapo ndipo alipokosea. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungekata mkate, suruali ya kijivu, viatu vinang'aa katika vumbi lote lile. Yeye kavaa ovaroli ya bluu iliyojaa nyuzi, kilemba cha njano, penseli nyuma ya sikio. Akacheka. Mwanaume naye akacheka huku anapapasa kutafuta miwani yake, na ilimbidi Fundi amwokotee.

Akasema yeye ni mfamasia wa lile duka jipya la dawa kwenye mzunguko. Fundi akasema yeye anatengeneza makochi.

"Afadhali! Nina kochi nyumbani linaumwa."

"Linaumwa nini, daktari?"

"Mgongo."

Wiki haikuisha, kochi likaletwa karakana. Fundi akalizunguka mara moja tu.

"Kochi hili limechanwa kwa kiwembe."

"Panya hao."

"Panya wako wananyoa?"

Basi, mapenzi yakaingia. Fundi akampa jina la Pasi, na mtaa mzima ukalidaka. Jioni simu ilikuwa haipoi.

"Umenikumbuka leo?"

"Nilikuwa napigilia misumari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimejigonga kidole. Jibu si umelipata, laazizi?"

Sasa, msomaji, usidhani huyu Fundi alikuwa mtu wa makochi tu. Nyuma ya karakana palikuwa na baraza, bati juu, pembeni wazi, na kila mchana lilijaa vijana waliokuwa wakishinda kwenye kalvati wakivuta gundi. Aliwafundisha kupima, kukata, kushona, kupigilia. Mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba, alikufa na chupa ya gundi puani, na tangu siku ile Fundi aliapa kwamba kalvati lile halitamla mwingine yeye akiona.

Mtaa ulikuwa na Mfuko wa Vijana. Wenye maduka walichanga, wakazi walichanga, na kamati iliyochaguliwa na wakazi ikawapa fedha wale wanaowashika vijana kabla hawajapotea. Pasi alikuwa mjumbe. Tena ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango akibembeleza watu mpaka mfuko ukasimama. Fundi aliomba kitu kimoja: chumba. Chumba chenye kuta na mlango na stoo ya kufungia gundi, maana fundi wa makochi hawezi kufanya kazi bila gundi, na baraza halina kufuli.

Alikuwa na sababu. Siku moja aliwakuta vijana wake wawili wamefungua kopo, wamelewa chakari. Hakuwafukuza. Alikaa nao wakitapika na kulia, kisha akawapeleka kwao mmoja mmoja. Jioni akampigia Pasi, naye analia.

"Mpenzi, hili liwe letu wawili. Likitoka, watanifungia baraza."

"Limekufa hapa, Fundi. Futa machozi."

Siku ya kuitwa mbele ya kamati, Fundi alikuta Pasi anatoka ndani ya chumba cha mkutano. Akampita mlangoni kainamisha kichwa, hata salamu hakuna. Ndani, Mwenyekiti, mama mmoja muuguzi mstaafu, akavua miwani.

"Mwanangu, ni kweli vijana wako walivuta gundi hapo hapo kwako?"

Fundi akajaribu kueleza. Jinsi vijana walivyopata upenyo, kwa nini aliwasamehe, vyote vikamtoka ovyo ovyo, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyemsaidia neno. Akanyimwa.

Alimwambia mtu mmoja tu! Mmoja! Fundi akaifungia namba ya Pasi njiani kabla hajafika nyumbani. Pasi alipokuja karakana, alikuta nyundo imeshainuliwa.

"Fundi, ya mle ndani siruhusiwi kuyasema, lakini nakuapia..."

"Kaape kwa mama yako. Toka."

"Nisikilize basi."

"Nilikusikiliza mwaka mzima, nyoka wewe. Toka nisije nikakupigilia kwenye mbao."

Akatoka. Na Fundi akaanza kukipika kisasi chake polepole, kwa moto mdogo, kama mtu apikaye maharage. Kila msumari aliougonga aliupa jina la Pasi. Shangazi yake, aliyemlea tangu utoto na ambaye waliishi pamoja, alimwambia, "Mwanangu, hasira hasara." Fundi akamjibu kwamba hasara alishaipata, kilichobaki ni hasira tu, nayo hataki ipotee bure.

Ukafika mkutano mkuu wa wakazi, ambapo wajumbe huthibitishwa kwa kunyoosha mikono. Fundi alivaa gauni jekundu lililombana alipotaka limbane, viatu virefu, wanja, mdomo umekolezwa rangi. Ungedhani anakwenda harusini. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Lilipotajwa jina la Pasi, akasimama.

"Huyu bwana anawatongoza wanawake wenye maombi kwenye kamati. Akishazijua siri zao, anazipeleka mezani. Mimi ni mmoja wao. Akanushe!"

Ukumbi ukalipuka. Fundi akangoja watulie, maana utamu wa kisasi haumezwi kwa haraka.

"Na tuweke kanuni leo hii. Mpenzi wa mjumbe, mchumba wa mjumbe, ndugu wa mjumbe, asipewe hata senti. Tukomeshe mchezo huu!"

Makofi! Kanuni ikapita papo hapo. Mwenyekiti akamgeukia Pasi amjibu. Pasi alisimama na shati lake jeupe, akaangalia mstari wa mbele, akaangalia tena. Pale mbele alikaa Shangazi, mkoba magotini, macho chini.

"Sina la kujibu," akasema.

Mikono ikanyooshwa, akatolewa. Mfuko alioujenga kwa miguu yake, akafukuzwa kama mwizi wa kuku. Toka siku ile mtaani hakuitwa Pasi tena, aliitwa Mdomo. Akina mama wakaacha kununua dawa kwake, nani amwambie anaumwa nini, akayatangaze? Fundi aliposikia hayo alikula akashiba, akaongeza. Nisikudanganye, kisasi ni kitamu, na anayesema si kitamu hajakionja.

Utamu ukadumu mpaka Mwenyekiti alipopiga simu.

"Mwanangu, mkutano ujao wa wakazi maombi yako yanarudi mezani. Nimewaomba wajumbe waje kuliona baraza, wamelipenda. Safari hii chumba utapata. Sijui ingekuwaje kama mchumba wako angekuwepo bado."

"Mchumba gani, mama?"

"Si Pasi? Siku ile kabla hujaingia alisimama akatuambia, 'Huyu binti nataka kumuoa, siwezi kumwamulia.' Ndiyo desturi yetu, mwenye mtu wake anatoka nje. Hakuwemo kabisa, masikini."

Fundi akakaa juu ya kochi la mteja, na sindano ikiwa juu yake. Hata hakuihisi.

"Basi habari za gundi alizileta nani?"

"Zilikuwa za chumbani, ndiyo maana na mimi sikusema mkutanoni, lakini ulishaumia vya kutosha. Kamuulize shangazi yako."

Shangazi alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Ukuta huu ni wa mbao, mwanangu. Nilikusikia ukimwambia kwenye simu. Nikaona Mungu amenipa mtoto wa ajabu, ameibiwa na wezi, akawapangusa matapishi. Nikaenda kwa Mwenyekiti kukusifia. Nilimwambia, 'Mpeni yule chumba, hakuna mwenye moyo kama wake.' Mimi nilikwenda kukusifia!"

"Na mkutanoni ulinyamaza?"

"Niliogopa." Akaweka kisu chini. "Yule kijana alijua. Mwenyekiti alimwambia. Aliniangalia pale mbele, nikajua ananisitiri mimi, nikakaa na mkoba wangu kama gogo. Mdomo umeniponza mara mbili, mara ya kwanza kwa kusema, mara ya pili kwa kunyamaza."

Fundi hakuwa na nguvu ya kumgombeza. Alitoka na ovaroli yake hivyo hivyo mpaka duka la dawa kwenye mzunguko. Duka tupu, feni inazunguka yenyewe. Pasi yuko nyuma ya kaunta, shati limekunjamana. Hilo shati ndilo lililomchoma Fundi kuliko yote.

"Nikusaidie dawa gani, dada?"

"Pasi, nimejua. Shangazi amenieleza. Nisamehe."

"Dawa gani?"

"Ungesema! Neno moja tu ungesema!"

"Nimseme bibi wa watu mbele ya mtaa mzima? Aliyekulea?" Sauti yake ikapanda. "Na wewe ungeuliza. Neno moja tu. Ulinivua nguo hadharani, watu wakapiga makofi, halafu unakuja kuniomba radhi kwenye duka lisilo na watu. Nenda, Fundi. Nina hasira na wewe, na ninaipenda, usiniharibie."

Akaenda. Angebisha nini?

Mkutano uliofuata, vijana wa barazani walikaa benchi la nyuma, wameoga, mashati safi, wamekuja kukiona chumba chao kikitolewa. Mwenyekiti akasoma jina la Fundi. Fundi akasimama na ovaroli yake, bila wanja wala rangi ya mdomo.

"Kabla hamjanipa, nina deni la maneno. Nilimsingizia mtu katika ukumbi huu. Hakusema siri yangu. Alitoka nje siku ile kwa sababu alikuwa mwaminifu kuliko mimi. Nilimchafua kwa hasira, na nikafurahi. Mkitaka kumtoa mtu, nitoeni mimi. Huyo mrudishieni jina lake."

Shangazi akasimama naye, mkoba ukadondoka, akasema lake lote kwa kulia. Mzee mmoja fundi saa akanyoosha mkono. Akafuata mwingine, wakafuata wote, hata wale akina mama wa dawa. Pasi, aliyekuwa kasimama karibu na mlango, akarudishwa kwenye kamati.

Mwenyekiti akakohoa.

"Sasa tuna shida, mwanangu. Huyu amekuwa mjumbe tena. Na kanuni uliileta wewe mwenyewe. Niambie mbele ya watu, una uhusiano naye?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe! Fundi akaliangalia benchi la nyuma, macho yote yale yanamwangalia. Hakuwa ameongea na Pasi tangu siku ya dukani. Angeweza kusema hana, na isingekuwa uongo.

"Mimi moyo wangu uko kwake," akasema, na machozi yakaanza. "Kama yeye bado ananitaka, sijui. Muulizeni."

Pasi akaja mpaka katikati ya ukumbi, bila haraka. Uso ulikuwa mkavu.

"Mwenyekiti, mnyimeni."

Watu wakaguna.

"Hata senti moja asipewe. Kanuni ni kanuni. Huyo ni mchumba wangu."

Ukumbi ukaruka! Vigelegele kwa akina mama, vicheko kwa wazee, na kutoka benchi la nyuma ukatoka mguno wa vijana waliokosa chumba.

Nje, kwenye ngazi, Fundi alimshika kola kwa mikono miwili.

"Umeninyima chumba, katili wewe. Ungenyamaza tu ningepata."

"Ningenyamaza ungepata. Nilitaka uone inavyouma kusemwa mbele ya watu."

"Imeuma."

"Vizuri."

"Na mvua ikinyesha vijana wangu wanalowa!"

"Wanalowa." Macho yake yalikuwa mekundu nyuma ya miwani. "Hilo linaniuma na mimi, Fundi. Hatukuwafanyia haki, wewe na mimi wote wawili. Lakini kukukana nimeshindwa."

Binti mmoja wa barazani akasogea, mikono kiunoni.

"Fundi, kwa hiyo chumba ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mwanangu."

"Sasa gundi tutaifungia wapi?"

Pasi akakuna kichwa.

"Dukani kwangu kuna kabati la dawa za sumu. Lina kufuli mbili. Mtakuja kuichukua asubuhi na kuirudisha jioni, na mimi nitaipima."

Binti akamtazama juu mpaka chini, kama afanyavyo mtu anayepokea shemeji asiyemchagua, kisha akawaita wenzake. Wakaondoka kuelekea karakana, maana kulikuwa na makochi ya mteja yanayosubiri, na mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda.

"Kimbia ukawasaidie kufunika vitambaa," Fundi akasema.

"Na viatu hivi?"

"Na viatu hivyo, mume wangu. Kimbia."